Nyumba Nisizoziona

Mtu akiniuliza kazi yangu, humwambia napokea simu za dharura za kaunti, naye lazima aseme, "Lo, basi umeona mengi." Sijaona kitu. Miaka yote hii nimekaa katika chumba kisicho na dirisha, chini ya ofisi ya sherifu, na hedifoni masikioni, na kila nilichopata nimekipata kwa kusikia. Moto sijauona. Ajali sijaiona. Wanawake wamejifungua mikononi mwa waume zao huku nikiwaelekeza, na kama mtoto alikuwa mnene au mwembamba sijui mpaka leo. Ambulensi ikifika mlangoni simu hukatwa, na kwetu hadithi imeishia hapo. Hatupigi tena kuuliza ilikuwaje. Ndiyo desturi ya kazi yetu, nami nilijivunia kuishika.

Asubuhi moja ya Februari, baridi ile ya kufanya misumari ya ukutani ilie, mama mmoja alipiga. Mumewe ameanguka jikoni, hapumui. Nilimwelekeza kama nilivyofundishwa: weka simu sakafuni, piga magoti, mikono miwili katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu, hesabu kwa sauti nikusikie. Akahesabu. Nyuma yake birika lilikuwa linapiga mluzi wala hapana wa kulizima, na mbwa akiparura sakafu kwa kucha. Alifika mahali akasema, "Siwezi tena, mikono imekufa." Nikamwambia, "Unaweza, mama, hesabu nami." Tukahesabu pamoja, mimi na yeye, muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa kuwa barabara ya kwao, njia ya ziwani, ilikuwa imezibwa na theluji. Mara mlango ukagongwa, sauti za wanaume zikaingia, simu ikakatwa.

Nikaandika saa, nikanyoosha mkono nipokee simu inayofuata. Mkono haukwenda. Taa inawaka mbele yangu, mtu fulani yuko taabani, nami nautazama mkono wangu kama nimeuazima. Mwenzangu wa meza ya pili akaipokea. Kesho yake mambo yakawa yale yale, na wiki iliyofuata pia. Kila taa ilipowaka nilisikia birika.

Msimamizi wetu, Curtis Brandvold, ni mtu mwema, lakini hajui kuzungusha maneno.

"Lorna, wewe ndiye uliyenifundisha hii kazi," alisema. "Lakini kiti hakiwezi kukaliwa na mtu asiyepokea simu. Nenda likizo. Kuna mtaalamu wa tiba ya sanaa, kaunti inamlipa. Mwisho wa Aprili tutakujaribu. Ukishindwa nakuhamishia kwenye leseni."

"Leseni za nini?"

"Za mbwa."

"Curtis, ukiniweka kwenye leseni za mbwa nitakung'ata."

"Basi nenda kachore."

Nilitoka pale na hasira mpaka kwenye gari. Kuchora! Mimi ambaye hata kuku nikimchora watu huuliza kama ni gari. Lakini kiti kile nilikitaka. Sikuwa na kazi nyingine niliyoijua, wala sikuitaka nyingine, na niliapa kwamba kama njia ya kurudi ni kuchora kuku, basi nitachora kuku mpaka watage.

Mtaalamu mwenyewe aliitwa Inez Strand. Alikuwa amekodi darasa katika shule ya zamani iliyofungwa, meza zimejaa madoa ya rangi, yeye mwenyewe amevaa aproni ambayo sidhani ilikuwa imewahi kuona sabuni. Aliniwekea karatasi kubwa na kijiti cha makaa ya kuchorea.

"Chora mahali," alisema.

"Anwani?"

Hakucheka. "Popote."

Nikachora ninachokijua. Barabara kuu, daraja, njia ya kwenda ziwani, mabomba ya zimamoto, nyumba kama visanduku na namba zake. Nilifanya haraka na kwa usahihi, maana kaunti ile naijua kuliko kiganja changu. Nilipomaliza, Inez hakusema ni nzuri, hakusema ni mbaya. Aliibandika ukutani, akavuta viti viwili mpaka mwisho wa darasa, tukaketi mbali tukaitazama. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote: unachora karibu, unatazama kwa mbali, halafu unasema kilichopo. Si maana yake. Kilichopo tu.

"Tuko juu," nilisema. "Kama ndege."

"Watu wako wapi?"

"Ndani ya nyumba."

"Ipi?"

Nikanyoosha kidole kwenye kisanduku kimoja, kule kwenye njia ya ziwani. Sikuwa nimepanga kukinyooshea.

"Mlango wake uko wapi?"

"Sikuuchora. Sijawahi kuingia." Hasira zikanipanda. "Hivi wewe unalipwa kuuliza mlango uko wapi?"

"Ndiyo," alisema Inez. "Kama wewe unavyolipwa kuuliza anwani."

Nilicheka bila kupenda, nikaondoka nikiwa bado nimemkasirikia.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri, na nitayasema. Tangu ile simu sikuwa nakaa jikoni. Nilipika nikatoka mbio, tukala sebuleni sahani zikiwa magotini. Birika nililiweka kabatini nikawa nachemsha maji ya kahawa kwenye maikrowevu, kahawa ikawa na ladha ya sanduku. Wendell, mume wangu, hutengeneza injini za boti kwenye gereji yetu, na ameoa muda wa kutosha kujua lini anyamaze. Alinyamaza. Ila jambo moja lilimshinda. Kila aliposinzia kwenye kiti chake nilimwita mpaka afumbue macho.

"Nini?"

"Hakuna kitu."

"Mbona umeniita, sasa?"

"Nilitaka kujua kama umelala."

"Nilikuwa nimelala, Lorna. Ndiyo maana sikukuambia."

Siku nyingine alijaribu kunisema kwa upole. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, huku akijifuta grisi vidoleni. Nikamjibu kwamba maradhi sijaficha, nayapeleka kwa mwalimu wa kuchora kila Jumanne na Alhamisi. Nilikuwa na ulimi mkali majira yale, naye ndiye aliyekuwa karibu.

Nilikwenda Jumanne na Alhamisi zote. Nilikwenda theluji ikidondoka, nilikwenda na mafua, nilikwenda siku ambayo gari lilikataa kuwaka na Wendell akanipeleka kwa gari la kubebea injini. Inez alinipa udongo, nikafinyanga kitu kikafanana na kiazi. Alinipa rangi za maji, nikatoa matope. Kila siku tulivuta viti nyuma, tukatazama matope. "Naona matope," nilisema. "Nami naona matope," alisema Inez, na aliyasema kwa heshima kabisa. Mara mbili nilichana karatasi. Alinipa nyingine, nami nikaendelea, kwa sababu Aprili ilikuwa inakuja na leseni za mbwa zilikuwa zinaningoja.

Hatimaye nilichoka kuzunguka. "Nataka kuingia ile nyumba," nilimwambia.

"Chora ulichosikia," alisema, akanibandikia karatasi ndefu kuliko mimi.

Nilianza na birika, kwa kuwa ndilo lililokuwa likinipigia kelele. Chini yake jiko. Kando ya jiko sinki, juu ya sinki dirisha. Meza, viti, friji. Mbwa. Nilichora kipindi kizima nikatoka mikono myeusi mpaka viwikoni, Alhamisi nikarudi nikamaliza. Mtu aliyelala sakafuni nilimweka mwisho. Uso wake niliuacha, sikuuweza. Nilichora kifua, miguu, nyayo zikiwa zimetuelekea. Na mama amepiga magoti, mgongo kwetu. Nilipokuwa nachora nilijisikia nikihesabu kwa sauti, Inez hakunikataza.

Tukavuta viti nyuma.

"Nieleze kilichopo," alisema. "Anzia kushoto."

"Dirisha, lina ufa, umezibwa kwa utepe wa gundi. Sinki. Taulo limeanikwa kwenye mpini wa oveni. Birika. Redio juu ya friji, antena yake ni waya wa kutundikia nguo. Meza, mguu mmoja umewekewa kadibodi usiyumbe." Nilikuwa nasoma harakaharaka kama ninavyowasomea wazima moto maelezo. "Mwanamke. Mwanamume. Amevaa soksi za sufu za kijivu, ya kulia ina kidole chekundu..."

Nikakwama. Makaa ni meusi, nyekundu haikuwapo pale; nilikuwa nimekipaka tu kidole kile giza zaidi. Lakini nilijua ni chekundu.

"Umenyamaza," alisema Inez.

"Soksi hiyo niliitia kiraka mimi. Uzi wa kijivu uliniishia."

Niliinuka nikaenda ukutani, nikarudi nyuma, nikaenda tena. Ufa ule wa dirisha ni Wendell aliyeupiga kwa ngazi. Waya wa redio niliukunja kwa mikono yangu. Miezi yote ile nilidhani kinachonisumbua ni jiko la watu nisiowajua, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nyumba ya yule mama sikuwahi kuiona, na huwezi kuhesabu pumzi za mtu aliye mahali pasipo na sakafu wala kuta, kwa hiyo nilimjengea jiko, na jiko nililokuwa nalo ni moja tu. Labda wenzangu wote hufanya hivyo, kisha hulivunja simu ikishakatwa. Hili halikuvunjika. Nililibeba nikarudi nalo nyumbani, likakaa juu ya jiko langu, na sakafuni nilikuwa nimemlaza mume wangu.

Nililia. Nililia vibaya, kwa sauti, na makaa yakanienea usoni. Inez aliniwekea boksi la tishu karibu akarudi kwenye kiti chake.

"Ulijua tangu lini?" nilimuuliza nilipoweza.

"Sikujua kitu," alisema. "Kwako sijawahi kufika."

Kisha nikafuta uso, nikamwomba chaki ya bluu. Hilo hakuniambia mtu, lilinijia lenyewe. Nilirudi kwenye mchoro nikapitisha bluu juu ya nilichokisikia kweli kwa masikio haya: birika, kucha za mbwa, magoti ya mama yakisota sakafuni, sauti yake, mlango. Basi. Dirisha halikupata bluu. Taulo halikupata. Soksi hazikupata. Niliomba karatasi mpya nikachora ile bluu peke yake, na sehemu kubwa ya karatasi ikabaki nyeupe.

"Nieleze," alisema Inez.

"Hii ndiyo nyumba yao," nilisema. "Hivi ndivyo ninavyoijua. Kwingine sijui."

"Na ile nyingine?"

"Ile ni yangu. Nitaipeleka kwangu."

Niliukunja ule mchoro mkubwa nikauweka kiti cha nyuma cha gari. Wendell alikuwa gereji. Nilimwita jikoni, nikautandaza mezani, nao ukaning'inia pande zote kama kitambaa cha karamu. Aliutazama muda mrefu, mikono mfukoni.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo."

"Nimekufa?"

"Sijui. Simu ilikatwa."

Akazunguka upande wa pili. "Tumbo umeniongezea."

"Tumbo nimelipunguza, mzee wangu. Mshukuru mchoraji."

"Kwa hiyo tangu Februari nimekuwa nikifa humu jikoni, na mwenyewe hakuna aliyenitaarifu."

Nilitaka kucheka, nikamweleza badala yake. Nilimweleza yote, mama yule, barabara, mikono iliyokufa, jinsi ninavyomwita akisinzia. Alisikiliza akiwa ameegemea sinki. Wendell si mtu wa kushika mkono wa mtu, lakini aliushika wangu, makaa kwa grisi.

"Siku moja itakuwa kweli, Lorna," alisema. "Mimi au wewe. Hilo huwezi kulichunga kwa kuniamsha kwenye kiti."

"Najua."

"Ikiwa mimi, hutakuwa na hedifoni. Utakuwa wewe ndiye uliyepiga magoti hapo. Na mtu mwingine atakuhesabia."

Hapo ndipo palipokuwa na donda lenyewe, naye alilitia kidole bila kuchora hata mstari. Mimi huwa upande ule mwingine wa simu. Upande huu sikuwa nimewahi kujiona, mpaka nilipouona mgongo wa yule mwanamke kwenye karatasi, na mabega yake yalikuwa yangu. Nilikuwa naogopa kuwa mpigaji. Niliogopa kwa haki kabisa, maana mume wangu ana miaka sitini na moja na anakula nyama ya kukaanga kama kijana. Lakini hofu hiyo ilikuwa yangu, si ya watu wanaopiga, na haikuwa na ruhusa ya kukaa kwenye kiti changu cha kazi. Tulitoa viazi na nyama ya kusaga kwenye oveni tukala pale pale, mchoro ukiwa chini ya sahani. Madoa ya mchuzi yamo mpaka leo.

Nisimdanganye mtu kwamba nilipona siku hiyo. Niliendelea kwenda kwa Inez. Nilichora simu za zamani, moja moja, zilizokuwa zimenikwama bila mimi kujua, na kila mara nilitenga bluu na nyeusi. Nyeusi ilinifundisha mambo yangu mengi ambayo sikuyapenda. Nilijua sasa kwa nini simu za watoto waliozama huniacha mkali kwa wiki nzima: ziwa nililolichora lilikuwa lile nililokulia kandoni mwake. Mkono bado ulisita. Nilipofanya mazoezi nyumbani, Wendell alinipigia simu kutoka gereji, nami nikaiacha ilie mara kadhaa kabla ya kuigusa. Tukarudia. "Dharura," nilisema. "Nina njaa," alisema. Tukarudia tena.

Mwisho wa Aprili Curtis alinijaribu kwa simu zilizorekodiwa, nikafaulu. Kisha akaniweka kwenye meza yangu, akasimama nyuma.

Katika chumba kile hakuna anayethubutu kusema kwamba leo kumetulia. Ukisema tu, mbingu zinafunguka. Hakuna aliyesema. Taa ikawaka hata hivyo. Nilitazama mkono wangu. Ukaenda.

"Dharura, uko wapi?"

Alikuwa mwanamume, anapiga kelele. Mama yake ameanguka chini ya ngazi, amegeuka rangi, hapumui. Anwani aliitoa vipande vipande, nikaikusanya, ambulensi ikatoka. Nikamwambia aweke simu sakafuni, apige magoti. Na hapo hapo jiko langu likaja, na dirisha lake na ufa wake na taulo kwenye oveni. Lilikuja lote, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Nililitambua. Nikasema moyoni, hilo ni langu, na yeye hakuniambia yuko jikoni, ameniambia yuko chini ya ngazi.

"Nimeweka mikono!" alipiga kelele. "Nasukuma! Ni hivi? Unaona? Nafanya sawa?"

Zamani ningemwambia, ndiyo, vizuri, endelea. Nimewaambia hivyo wangapi, kwa kuwa mimi kwa akili yangu nilikuwa nawaona, na nilivyowaona mikono yao ilikuwa mahali pake.

"Hapana," nilisema. "Simwoni. Wewe ndiye unayemwona. Niambie mikono yako iko wapi."

Pumzi zake.

"Hapa. Juu ya kitovu."

"Panda juu. Zaidi. Katikati ya kifua, kwenye mfupa, kati ya matiti. Umefika?"

"Nimefika."

"Sukuma kwa nguvu, usimwonee huruma. Hesabu nami."

Tukahesabu. Yeye alihesabu huku akilia, nami nilihesabu nikiwa mkavu, na kila alipopunguza nilimuuliza tena mikono iko wapi, naye akaniambia, na kila alichoniambia nilikiweka pale alipokiweka yeye. Ngazi zake sikuzijua rangi. Mama yake sikumvalisha soksi. Alisema mkono wake mmoja umeteleza, nikamwambia aurudishe. Alisema anaona kama mama yake ametoa sauti, nikamwambia endelea mpaka wafike. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, mtu akasema, "Tupishe, kaka, tumekuja," na simu ikakatwa.

Niliandika saa. Curtis aliweka mkono begani mwangu akauliza kama nataka mtu anishikie zamu nikapumue nje kidogo.

"Amepona?" aliuliza pia, akasahau kwamba hatuulizi.

"Sijui," nilimwambia. Taa ya pili ilikuwa imeshawaka. "Ondoa mkono, Curtis, kuna mtu ananisubiri."

Nikapokea.